Mwaka Niliomsomea Bwana Yeremia

Waliokuwepo siku tuliyomzika Bwana Yeremia Masinga nawataja kama walivyoketi, kuanzia mlangoni. Mama Foibe, mjane wake, alikuwa kwenye mkeka, miguu kainyoosha, khanga kajifunika mpaka kwenye nyusi. Pembeni yake Tabitha na Rehema, mabinti zake. Tabitha alikuwa mwalimu wa shule, Rehema ana mizabibu kule Hombolo. Nje kwenye turubai, kiti cha kwanza, Salimu Idi, fundi mitambo wa redio enzi zetu, katoka Kondoa na basi la alfajiri, kofia yake kaishikilia magotini kwa sababu ya upepo. Kiti cha pili Frenki, kijana anayetangaza asubuhi pale redioni siku hizi. Hakuwahi kufanya kazi na marehemu, alikuja kwa heshima tu, na simu yake aliizima kabla hajaketi, nilimwona, nikampenda kwa hilo. Kiti cha tatu Mathayo Ndahani wa Kibaigwa, mzee wa mahindi, ambaye hakuwa ndugu wa marehemu, wala jirani, wala hawakusali kanisa moja. Kiti cha nne mimi Damari, niliyekuwa mfagizi na mpika chai wa kituo. Wengine walikuwa wengi na majina yao ninayo, ila nikiwataja wote daftari hili litaisha.

Tulikuwa tumetoka makaburini, tumenawa mikono, tunasubiri chakula. Upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba mnaujua, unapita chini ya turubai kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Frenki akainama kwangu, akasema, "Shikamoo tena, bibi. Nikuulize kitu?" Nikamwambia uliza, mjukuu wangu. "Pale redioni, kwenye matangazo ya vifo, kati ya tangazo na tangazo tunapiga kile kipande cha ilimba. Nimewauliza wakubwa wote, hakuna anayejua kilianza vipi. Wanasema ni utaratibu." Salimu Idi akanitazama. Mimi nikatazama mikono yangu. Ile ilimba ni ya mzee mmoja wa Mvumi aliyepiga vile vijino vya chuma kwa vidole gumba, tik-tiki, taratibu, kama matone yanayodondoka kwenye sufuria, na Bwana Yeremia mwenyewe ndiye aliyemrekodi. Watu wamezaliwa, wamekua, wamezikwa wakiisikia. Na sababu yake tulikuwa tunaijua watu watatu, na mmoja tulikuwa ndiyo kwanza tumemfukia. Nikamwambia Frenki, "Kula kwanza." Lakini akili yangu ilikuwa imeshaondoka pale, imerudi kwenye ule mwaka.

Habari za ukoo wangu nitaziruka, hazina kazi hapa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimesoma mpaka darasa la nne, naweza kusoma herufi za mkono kama mtu hana haraka na mimi. Mwaka wenyewe ulikuwa ule mvua zilipochelewa mpaka Januari, na watu waliupa jina hilohilo, mwaka wa kuchelewa. Redio ilikuwa ndogo, ya umma, nyumba moja ya matofali ya kuchoma yenye bati jekundu, na nyuma yake uwanja mtupu wenye miiba. Vyumba vilikuwa vitano. Cha mbele chenye dirisha la kupokelea karatasi, cha mkuu wa kituo, cha sahani za muziki na kanda, changu cha chai, na katikati kabisa, kama kokwa ndani ya tunda, studio. Ukuta wa studio ulikuwa umefunikwa trei za mayai, na juu ya trei magunia, na juu ya magunia blanketi za kijivu, ili sauti isirudi. Mara ya kwanza kuingia kufagia nilisimama katikati nikajikohoza, na kikohozi changu kikafa hapohapo mdomoni. Nilidhani nimekuwa kiziwi. Mpaka leo nikiota, huwa nimo mle: hakuna upepo, hakuna jogoo, kuna taa nyekundu tu juu ya mlango na harufu ya vumbi la magunia.

Bwana Yeremia alikuwa anafika saa kumi na moja alfajiri kwa baiskeli. Nilimsikia kabla sijamwona, maana kava ya mnyororo ilikuwa imelegea inagonga. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mwembamba, shati limepigwa pasi, soksi hazifanani. Nilikuwa nimeshawasha jiko la mkaa. Tulikula pamoja yeye, Salimu na mimi kwenye kile chumba cha chai, uji wa uwele wenye karanga za kutwanga kwenye vikombe vya bati, na siku nyingine kiporo cha ugali na mlenda, na Salimu alikuwa hachoki kututania. "Ninyi Wagogo mlenda asubuhi, mchana, jioni. Siku ya ufufuo mtateleza kaburini mtoke wa kwanza." Na Bwana Yeremia alimjibu bila kuinua kichwa, "Ndiyo maana tunaula, Salimu. Ninyi wa Kondoa mtabaki mnavutwa kwa kamba." Halafu alifuta mdomo, akaingia mle ndani, taa nyekundu ikawaka, na yule mtu niliyemwona analamba kijiko akawa mtu mwingine. "Mbukwenyi, wana Dodoma. Mmeamkaje? Mlioko Haneti, mlioko Kongwa, mlioko Mlali mnaofungulia ng'ombe, mmeamkaje?" Alikuwa hapigi kelele kama watangazaji wa leo, Frenki anisamehe. Alikuwa anaongea kama mtu aliyekaa ukingoni mwa kitanda chako. Mama mmoja wa Ipagala aliwahi kuniambia kwamba kila akiisikia ile sauti alikuwa anafunga vizuri khanga yake kwanza, ndipo aitikie.

Kazi kubwa ya asubuhi haikuwa muziki. Ilikuwa matangazo. Simu za mkononi hazikuwepo, na barua kutoka mjini mpaka kijijini ilichukua wiki. Kwa hiyo mtu akipotelewa na ng'ombe, redio. Akitaka kumsalimu shemeji, anajaza kadi ya salamu, redio. Na mtu akifa, karatasi inaletwa dirishani, na Bwana Yeremia anaisoma saa kumi na mbili na nusu, kabla watu hawajaenda mashamba, ili walio mbali wapande lori wawahi kuzika. Msifikiri ni jambo dogo. Kwetu asiyemwaga udongo kaburini kwa ndugu yake anabaki kama mtu aliyeacha mlango wazi, hapati usingizi. Ndiyo maana Bwana Yeremia alikuwa na sheria yake, na aliibandika juu ya dirisha kwa herufi kubwa hata mimi niliziweza: jina la marehemu, kijiji, anayetafutwa, aliyeleta habari. Vitu vinne. Kikikosekana kimoja karatasi inarudi. Nilimwona akimrudisha mtu anayelia. "Pole sana, ndugu yangu," alimwambia, "lakini rudi uulize kijiji. Nikisema nusu, nitawaumiza wengine."

Siku niliyojua siri yake ilikuwa siku ya kawaida. Salimu alikuwa na homa, kachelewa. Bwana Yeremia akaja na karatasi za siku hiyo chumbani kwangu, akanipa. "Damari, mwanangu, nisomee hizi. Miwani nimeisahau." Miwani ilikuwa mfukoni mwa shati lake, naiona. Nikakaa kwenye kigoda, nikasoma karatasi moja moja, polepole, kidole chini ya neno, jasho linanitoka. Zilikuwa saba. Nilipomaliza nikazirudisha kwenye sanduku lake, nikasimama kukoroga uji. Akasema, "Hebu ile ya tatu rudia." Nikairudia nikiwa bado nakoroga. Akasema ile ya tano. Nikaisema. Akauliza, "Damari, karatasi umeshika?" Nikamjibu, "Hapana, baba. Ziko kwenye sanduku." "Sasa unasoma wapi?" Mimi jina likiingia limeingia, ndivyo nilivyo, mpaka leo naweza kukutajia watoto wote tuliokaa nao dawati moja. Akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akagusa bega langu, na kwa ule mkono uliokosea kidogo kabla haujafika ndipo nikajua. Bwana Yeremia alikuwa haoni. Alikuwa anaona mwanga, na mtu kama kivuli nyuma ya pazia, basi. Njia ya baiskeli aliijua kwa miguu. Matangazo Salimu alikuwa anamsomea, anayashika kichwani, kisha anakaa mbele ya kipaza sauti kashika karatasi asizoziona. "Wakijua wataniondoa," aliniambia. "Na mimi nje ya kile chumba sijui kufanya kitu kingine. Foibe mwenyewe hajajua yote."

Toka siku hiyo nikawa nakaa naye ndani. Mkuu wa kituo aliambiwa nafuta vumbi kwenye mitambo. Lakini matangazo yakiwa mengi, hasa mwezi wa homa, yalimchanganya, na mimi siwezi kumnong'oneza kipaza sauti kikiwa wazi. Ndipo Salimu, nyuma ya kioo, akabuni. Bwana Yeremia akimaliza tangazo moja, Salimu anafunga kipaza sauti na kuachia ile kanda ya ilimba, na wakati vile vijino vinalia mimi nasogea sikioni kwake na kumwambia linalofuata. Jina, kijiji, anayetafutwa, aliyeleta. Anatikisa kichwa. Ilimba inafifia. Anasema. Barua zilikuja za kushukuru. Watu waliandika kwamba ile ilimba inawapa nafasi ya kupumua, kwamba redio imejua kuheshimu wafu. Mkuu wa kituo alituita akatusifu. Salimu alicheka siku hiyo mpaka akaenda kukaa nje kwenye miiba.

Nikisema ule ndio mwaka niliofurahi kuliko yote nisieleweke vibaya, maana nilikuwa natamka vifo kila asubuhi. Lakini fikirini binti wa darasa la nne, kakaa ndani ya chumba kisicho na mwangwi, na anachokinong'ona kinatoka kinakwenda mpaka Haneti, mpaka Kibaigwa, kinaingia kwenye nyumba za tembe, watu wanasimama na vikombe mkononi. Nilikuwa natembea barabarani nikiona mtu na redio begani, najisemea kimoyomoyo, umenisikia. Na majina yakawa watu wangu. Kulikuwa na mmoja, Yona Ndahani wa Haneti, aliyekuwa anatuma kadi ya salamu kila Jumamosi bila kukosa, anawasalimu wakweze, mbuzi wake, na "yule aliyeniazima jembe anajijua". Sikuwahi kumwona, lakini nilikuwa najua mwandiko wake, herufi zimelala kama mtama uliopigwa na upepo.

Wakati huohuo mambo ya ofisini yalikuwa yanakaza. Nikipeleka chai niliyasikia ya mlangoni. Siku moja mkuu wa kituo alikuwa anamwambia mgeni wa kutoka makao makuu, "Sauti anayo. Lakini nikimpa gazeti alisome hewani anakataa, anasema hilo si kazi ya asubuhi. Kiburi." Mgeni akasema, "Mwisho wa mwezi nitakuja mwenyewe, nimpe ukurasa mbele yangu. Akikataa, kuna kijana ananisubiri." Nikaweka chai, nikatoka, nikamweleza Bwana Yeremia. Alikuwa anakula zabibu, anazitoa moja moja kwenye kishada kwa vidole. Akasema, "Mwisho wa mwezi ni siku ngapi?" Nikasema kumi na moja. "Asubuhi kumi na moja," akasema, kama mtu aliyepewa nyingi.

Ilikuwa siku ya nne katika hizo kumi na moja. Nilipofungua kituo nilikuta karatasi imesukumwa chini ya mlango, imekunjwa mara nne, ina alama ya mafuta ya gari. Dereva wa lori alikuwa ameiacha akapita. Nilikuwa nimechelewa, mkaa ulikuwa na unyevu, na matangazo ya siku hiyo yalikuwa kumi na mawili. Nikaisoma nimesimama. Yona Ndahani amefariki. Mathayo Ndahani wa Kibaigwa apewe taarifa, afike nyumbani haraka. Mazishi kesho saa nane mchana. Basi. Moyo ulinipasuka, niliona kama kafa ndugu yangu. Nikawaza zile kadi, lile jembe. Nikaiweka juu ya nyingine, tukaingia ndani. Ilipofika zamu yake, Salimu akaachia ilimba, nikasogea. "Yona Ndahani," nikamnong'oneza. "Anatafutwa Mathayo Ndahani wa Kibaigwa. Afike nyumbani haraka, mazishi kesho saa nane."

"Kijiji gani?" akauliza.

"Haneti."

Akageuza uso kwangu, yale macho yasiyonifikia. "Imeandikwa?"

Ilimba ilikuwa inaelekea mwisho, nilikuwa naijua kila jino. Salimu kainua kidole nyuma ya kioo. Nami sikuwa na shaka hata punje. Yona Ndahani ni wa Haneti, nani asiyemjua?

"Ndiyo, baba," nikasema. "Imeandikwa."

Siku mbili zikapita. Ya tatu, nikiwa nafagia chumba cha mbele, mtu akagonga kioo cha dirisha la karatasi. Mfupi, kofia ya pama, kacheka hajafika. "Shikamoo," nikasema. "Marahaba, binti. Mimi ndiye marehemu." Nikamtazama. "Yona Ndahani wa Haneti. Nimekuja kumwona aliyeniua. Mke wangu mdogo alikuwa kisimani, karudi analia, kanikuta napukuchua mahindi, katupa ndoo. Wamekuja watu wa vijiji vitatu! Dume langu la mbuzi limeliwa kwa ajili ya msiba wangu, na mimi mwenyewe nilipewa mguu!" Salimu na Bwana Yeremia wakatoka, na kwa muda kidogo kweli tulicheka, wote. Mimi nilicheka nikiwa nimeshika ufagio kwa nguvu. Bwana Yeremia ndiye aliyeacha wa kwanza. Akamuuliza, "Na Mathayo wa Kibaigwa ni nani wako?" Yona akasema, "Mtoto wa baba mkubwa. Alikuja huyo, tena na blanketi mbili. Tumelala tunapiga hadithi mpaka asubuhi." "Na nani mwingine kwenu anaitwa Yona?" Yule mtu akavua kofia. Kicheko kikamtoka usoni kama maji kwenye mchanga. Akasema taratibu, "Babu yetu alikuwa Yona Ndahani. Kila nyumba ilimrudisha jina. Mimi wa Haneti. Na mdogo wake Mathayo, tumbo moja, Yona wa Mlali."

Mathayo alikuja mchana wa siku hiyohiyo. Habari za Mlali zilimkuta njiani, akiwa anarudi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mrefu, kichwa kanyoa, blanketi bado ziko mkononi zimefungwa kamba. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Alisimama katikati ya chumba cha mbele akasema, "Kutoka Kibaigwa kwenda Mlali ningeweza hata kutembea. Niliipa mgongo. Nimepanda lori kuja huku, nimepita barabara hiyo hapo, nimeliona bati lenu. Saa nane mdogo wangu anawekwa chini, mimi niko Haneti nakula mbuzi, nacheka." Akamtazama Bwana Yeremia. "Nilikusikia kwa masikio yangu. Ulisema Haneti. Kwa nini ulisema Haneti?" Karatasi ilikuwa kwenye msumari wa karatasi zilizosomwa. Salimu aliitoa, akaisoma kwa sauti, na kila mtu akasikia mahali ambapo kijiji hakikuwepo. Niliinua macho. Bwana Yeremia alikuwa ameelekeza uso mahali nilipokuwa nimesimama, sawasawa, kama mtu anayeona. Akasema, "Niliweka mimi."

Kesho yake akaingia studio peke yake, akanikataza kuingia. Nilikaa na Salimu nyuma ya kioo. Hakuanza na Mbukwenyi. Alisema, "Wana Dodoma, juzijuzi niliwaambia Yona Ndahani wa Haneti amefariki. Yu hai, na awe hai miaka mingi. Aliyefariki ni Yona Ndahani wa Mlali. Karatasi haikuwa na kijiji, nami nikaweka cha kwangu. Mathayo wa Kibaigwa hakumzika mdogo wake kwa sababu yangu. Na kuna lingine ninalopaswa kuwaambia. Mimi sioni. Karatasi mnazoleta nimekuwa nazishika tu. Nilitaka niendelee kuwaamsha, nikawaficha." Akanyamaza, na mle ndani kimya hakirudi, kinaingia kwenye blanketi kinapotea. Salimu alikuwa analia waziwazi. Akaachia ilimba, maana hakujua aachie nini kingine. Bwana Yeremia akavua vile vidude vya masikioni, akavikunja waya vizuri, akatoka. Pale mlangoni nilimshika shati. "Baba, niliyesema imeandikwa ni mimi. Niache niende niseme." Akaniambia, "Ukisema utapata nini, Damari? Mimi naondoka hata hivyo, zimebaki asubuhi tatu. Wewe baki, ukae dirishani. Usipokee karatasi isiyo na kijiji." Akapanda baiskeli. Salimu alimkimbilia akaisukuma naye mpaka nyumbani.

Nikabaki, kwa miaka mingi. Toka ufagio mpaka dirishani, mpaka wakanipa kiti na meza. Akija mtu na karatasi, hata awe diwani, hata awe anagaragara, swali langu lilikuwa moja, kijiji gani, na ndilo likawa jina langu, Mama Kijiji Gani, watoto wananiita barabarani. Watu walidhani ni ukali. Bwana Yeremia nilikuwa namtembelea siku za Jumapili. Tulikula mlenda, tulisikiliza redio, na ilimba ikipita alikuwa anatikisa kichwa kidogo kama zamani, kama bado namnong'oneza. Kile tulichokiacha mlangoni hatukukigusa tena. Yeye ndiye aliyekwenda Mlali. Salimu alimpeleka, akamtafuta Mathayo, wakakaa wote kaburini kwa Yona, na toka hapo wale wawili wakawa watu wa kutembeleana kila baada ya mavuno. Mathayo alimsamehe mtu ambaye hakumkosea. Na mimi nilikuwa nawaandalia chai.

Basi pale kwenye turubai chakula kilipokwisha, Tabitha akamwomba Mathayo aseme neno juu ya marehemu. Akasimama kwa fimbo yake, akasema, "Huyu alinikosea kosa kubwa, na ni yeye mwenyewe aliyenifuata. Sijui wangapi wangefanya." Akaketi. Frenki alikuwa bado ananisubiri na swali lake. Salimu akaniambia kwa sauti ndogo, "Damari. Tumebaki wawili." Nikahama kiti, nikakaa chini mbele ya Mathayo, mahali magoti yangu yanapokataa siku hizi. "Shikamoo, kaka." "Marahaba, Mama Kijiji Gani. Mbona chini?" Nikamwambia. Yote, mbele ya Frenki na Tabitha na Rehema, macho na ilimba na karatasi yenye mafuta, na kwamba Bwana Yeremia aliniuliza imeandikwa, nami nikasema ndiyo.

Mkono wa Mathayo ulikuwa juu ya mkono wangu. Akautoa. Akasema, na sauti yake haikuwa laini, "Unakumbuka majina yote. Watu wanasema husahau." Nikasema ndiyo. "Ile karatasi unaikumbuka?" Nikasema neno kwa neno. "Basi isome," akasema. "Sasa hivi. Isome inavyotakiwa."

Sikuwahi kutangaza hata siku moja. Maisha yangu yote nilinong'ona. Nilishika kiti nikasimama, na wale wanawake waliokuwa wanakusanya sahani wakasimama nazo. Nikasema, "Tangazo la kifo. Yona Ndahani wa Mlali amefariki. Habari hizi zimfikie kaka yake, Mathayo Ndahani wa Kibaigwa. Afike nyumbani Mlali haraka. Mazishi ni kesho saa nane mchana." Nikatafuta cha nne, nacho kilikuwepo. "Aliyeleta habari ni Damari."

Mathayo alikuwa ameinamisha kichwa juu ya fimbo. Akasema, "Nimesikia. Nitafika."

Tulikwenda kaburini Mlali wiki iliyofuata, Salimu, Mathayo na mimi, Frenki alituendesha. Nikamwaga udongo wangu.

Nimeyaandika haya polepole, kidole chini ya neno. Nyumba ya redio nimesema vyumba vitano, huenda vilikuwa sita. Yule mzee wa ilimba nimesema wa Mvumi, na Salimu anasema sivyo, anasema wa Handali. Mnaosoma, kama mlikuwepo au wazazi wenu walikuwepo, na mkakuta nimekosea jina la mtu, au nimemweka mtu mahali ambapo si pake, tafadhali njooni mniambie. Msinionee haya kwa sababu ya uzee. Niambieni ni nani, na ni wa kijiji gani.